Jinsi ya Kuunda Gari la Deraya la Kizazi Kipya kwa Jeshi la Taifa

Hatima ya mradi wa gari jipya la deraya huamuliwa mapema kuliko wengi wanavyodhani. Kabla bamba la kwanza la chuma halijakatwa, makao makuu ya jeshi huwa yamekwisha kuandika nyaraka za mahitaji, na nyaraka hizo ndizo zinazoamua kama gari litafika vikosini au litaishia kwenye viwanja vya maonyesho. Marekani ilitumia takriban dola bilioni 18 katika mpango ulioitwa Future Combat Systems, kisha ikaufuta mwaka 2009. Ikaanzisha mwingine, Ground Combat Vehicle, nao ukafutwa mwaka 2014. Mwaka 2020 ikasimamisha zabuni ya mpango wa tatu baada ya kubaki na mshindani mmoja tu. Nchi hiyo haina upungufu wa wahandisi wala wa fedha. Kilichopungua ni utayari wa kutamka mapema kabisa mambo ambayo gari hilo halitayafanya, na kila anayekabidhiwa mradi wa namna hii, awe ofisa wa jeshi, mhandisi au mtumishi wa wizara, anapaswa kuanzia hapo.

Kuandika hitaji

Iundwe tume ndogo yenye makamanda waliowahi kuongoza vikosi vya deraya, mafundi wa karakana, maofisa wa ugavi na wahandisi, na tume hiyo ijibu kwanza maswali matatu: gari litapigana na nani, litapita katika ardhi ya namna gani, na litambeba nani. Majibu yaandikwe kwa lugha ya kazi inayotakiwa kufanywa, wala si kwa lugha ya kifaa. Sentensi inayosema kwamba gari liwe na mzinga wa milimita 50 imefunga milango mingi bila kutoa sababu. Sentensi inayosema kwamba gari liweze kuliharibu gari la adui likiwa mbali, mahali ambapo mzinga wa adui haufiki, humwachia mhandisi nafasi ya kutafuta njia, na humpa mpimaji kitu anachoweza kukipima.

Majibu ya maswali hayo hayalingani kati ya nchi na nchi, na ndiyo maana kuiga gari la jirani ni hatari. Israeli ilipoamua mwaka 1970 kujitengenezea kifaru chake, ilikuwa na watu wachache na haikuweza kumudu kuwapoteza askari waliokwisha kufunzwa. Jenerali Israel Tal na wenzake wakaiweka injini mbele ili nayo iwe sehemu ya kinga ya watu walio ndani, wakaacha mlango wa nyuma wa kutokea, na Merkava ikaingia jeshini mwaka 1979. Uswidi kwa upande wake ilitaka gari la kutembea katika theluji nene na ardhi tepetevu ya kaskazini, kwa hiyo CV90, iliyoanza kutumika mwaka 1993, ilizaliwa ikiwa nyepesi, na minyororo yake inagawanya uzito vizuri juu ya ardhi. Magari yote mawili ni bora, na kila moja lingekuwa chaguo lisilofaa kwa mwenzake.

Mahitaji yakishaorodheshwa, yapangwe kwa daraja. Daraja la kwanza liwe na mambo machache sana yasiyoweza kupunguzwa, na yote mengine yawe ya kubadilishana: ukitaka hili zaidi, utapata lile kidogo. Katika zabuni iliyosimamishwa mwaka 2020, Marekani ilitaka magari mawili yaingie katika ndege moja ya C-17, na papo hapo yawe na kinga ya hali ya juu, tena ndani ya ratiba fupi. Kila sharti peke yake lilikuwa na sababu nzuri, ila yote kwa pamoja yalikinzana. Jeshi hilo liliporudi mezani halikutoa orodha nyingine ya masharti. Lilitaja sifa tisa za jumla na kuyaacha makampuni yaonyeshe jinsi yangezipatanisha, na mwaka 2023 makampuni mawili yakachaguliwa kuunda magari ya mfano ya mpango unaoitwa sasa XM30. Somo hilo liligharimu sana, na halina sababu ya kununuliwa mara ya pili.

Bajeti ya uzito

Hakuna jambo linalohitaji nidhamu kubwa kama uzito, kwa maana karibu kila tamaa ya jeshi hatimaye husomwa kwenye mizani. Chukua mfano wa kiti kimoja. Jeshi linapoomba nafasi ya askari mmoja zaidi, haliombi tu uzito wa mtu na mzigo wake. Kiti cha gari la kisasa la deraya hakifungwi sakafuni, kwa sababu bomu la ardhini likilipuka chini ya gari sakafu hupanda ghafla na kuvunja miguu na uti wa mgongo wa aliyeketi. Kiti hutundikwa ukutani au kwenye paa kwa mikanda na vifaa vya kufyonza mshtuko, na chini ya miguu huachwa nafasi tupu ya sakafu kubonyea. Nafasi hiyo hulipandisha paa juu. Paa likipanda, kuta zote mbili huongezeka kimo, na kuta hizo ni deraya. Gari likirefuka ili kiti hicho kipate mahali, minyororo hurefuka, magurudumu huongezeka, injini hudai nguvu zaidi, na tangi kubwa la mafuta nalo hutaka nafasi ndani ya deraya ile ile iliyokwisha kuongezwa. Mpango wa Ground Combat Vehicle ulitaka askari tisa wa miguu wakae katika gari moja lenye kinga nzito, na miundo iliyopendekezwa ikafikia uzito wa vifaru vikubwa kabisa duniani. Hesabu ya kiti kimoja ilitosha kutabiri matokeo hayo.

Kabla ya kukubaliana juu ya idadi ya tani, fanyeni ukaguzi wa njia. Orodhesheni madaraja yote katika barabara ambazo brigedi itazitumia kutoka kambini hadi mipakani, pamoja na uwezo wa kila daraja kwa mizani ya madaraja ya kijeshi. Pimeni upana na kimo cha mahandaki ya reli, kwa sababu gari lenye upana unaozidi kiwango cha reli hulazimika kusafirishwa barabarani, na malori yenye uwezo wa kubeba tani 60 ni machache katika jeshi lolote. Ulizeni kama daraja la kijeshi la kutandikwa, pantoni ya kuvukia mto na gari la kuvutia magari yaliyoharibika vinaweza kumudu mgeni huyu; kama haviwezi, gharama ya kuvibadilisha ni sehemu ya gharama ya gari jipya hata kama iko katika fungu jingine la bajeti. Kifaru chepesi cha M10 Booker cha Marekani kilianza kama wazo la kuwapa askari wanaosafirishwa kwa ndege silaha nzito inayosafirika, kikakua hadi kufikia takriban tani 40, na kilipokaribia kufika vikosini ikadhihirika kwamba madaraja kadhaa ndani ya kambi iliyotarajiwa kukipokea hayakuweza kukibeba. Mpango ulisitishwa mwaka 2025. Ukaguzi wa madaraja ya kambi moja ni kazi ya majuma machache kwa wahandisi wa jeshi, na ungepaswa kutangulia mchoro wa kwanza.

Idadi ya tani ikishakubaliwa, iwekewe mlinzi. Ninapendekeza mhandisi mmoja mwandamizi apewe daftari la uzito la mradi mzima, na asiwepo mtu wa cheo chochote anayeweza kuongeza kilo bila kuonyesha zitapunguzwa wapi. Daftari hilo lionyeshe pia akiba. Magari ya deraya hutumika miaka 30 au 40 na huongezeka uzito kila yanapoboreshwa. Kifaru cha Marekani, M1 Abrams, kilianza mwaka 1980 kikiwa na takriban tani 54, na kwa injini yake ya nguvu za farasi 1,500 kilipata karibu nguvu 28 kwa kila tani. Toleo la karibuni lina takriban tani 67, yaani nguvu 22 na ushei kwa kila tani, na mwaka 2023 jeshi liliacha toleo lililokuwa likifuata ili kutafuta muundo mwepesi zaidi. Bradley, gari la Marekani la kubeba askari wa miguu, ilikuwa na uwezo wa kuogelea ilipoanza kutumika mwaka 1981, na deraya iliyoongezwa baadaye ikauondoa uwezo huo. Kwa maoni yangu, gari linalotoka kiwandani bila akiba ya asilimia 15 ya uzito katika springi, giaboksi na breki zake limekwisha kuzeeka.

Njia mojawapo ya kupunguza mvutano huu ni deraya ya vipande, inayofungwa na kufunguliwa. Puma, gari la Ujerumani la kubeba askari wa miguu, huwa na tani 31.5 ikiwa tayari kubebwa na ndege ya A400M, na hufikia takriban tani 43 inapofungwa kinga kamili. Hata hivyo vipande hivyo vinapaswa kusafiri kwa namna yake, kufika mahali pale pale na kufungwa kwa winchi na mafundi wa vikosini, kwa hiyo hesabu ya safari ijumlishe na malori yanayovibeba.

Kinga ya tabaka kwa tabaka

Kinga isifikiriwe kama unene wa chuma peke yake. Mpango mzuri huanza na kutoonekana, hufuata kutopigwa, kisha kutotobolewa, na mwisho watu kubaki hai hata gari likitobolewa. Kwa deraya yenyewe vipo viwango vinavyotambuliwa na majeshi mengi, hasa STANAG 4569 ya NATO, vinavyoeleza ngazi za kinga dhidi ya risasi, vipande vya makombora na mabomu ya ardhini. Tumieni lugha hiyo katika mkataba ili pasiwe na ubishi juu ya maana ya kinga nzuri.

Vita vya Ukraine tangu mwaka 2022 vimelazimisha kila mchoraji kutazama juu. Kwa miongo mingi unene mkubwa uliwekwa mbele, ambako kifaru cha adui kingepiga, na paa likaachwa jembamba. Leo droni ya bei ndogo yenye kilipuzi hulenga paa, sehemu ya injini au pengo la tareti, yaani kile kichwa kinachozunguka na kubeba mzinga, na askari wa pande zote mbili wamelazimika kuchomelea vizimba vya chuma juu ya magari yao. Gari la kizazi kipya linapaswa kuwa na kinga ya juu iliyofikiriwa tangu mwanzo, vitambuzi vinavyotazama angani pande zote, vifaa vya kuvuruga mawasiliano ya droni, na silaha ya paa inayoweza kuinuka vya kutosha kuipiga. Mifumo ya kudungua makombora yanayokaribia, kama Trophy ya Israeli iliyofanya kazi hiyo vitani kwa mara ya kwanza mwaka 2011, imethibitika kuwa na faida. Lakini ina uzito wake, hula umeme, na inapolipuka inaweza kuwadhuru askari wa miguu waliosimama karibu, kwa hiyo mbinu za kikosi lazima ziandikwe upya pamoja nayo.

Tabaka la mwisho ndilo linalosahauliwa, nami naliweka mbele ya mengi kwa sababu ndilo linaloamua idadi ya majeneza. Risasi za mzinga zitengwe na watu, katika chumba chenye vibao vya paa vinavyofunguka na kuutoa mlipuko nje, kama ilivyofanywa katika Abrams. Kuta za ndani ziwekwe bitana ya nyuzi ngumu ili kuzuia vipande vya chuma vinavyoruka ndani deraya inapotobolewa. Tumbo la gari, hasa la magurudumu, liwe na umbo linalotawanya mlipuko kando. Afrika Kusini ilithibitisha faida ya tumbo la umbo la V katika magari kama Casspir, na Marekani ikalifuata umbo hilo kwa magari yake ya magurudumu ya Stryker yaliyopelekwa Afghanistan kuanzia mwaka 2011. Kisha jaribuni jambo moja lisilohitaji maabara: mvisheni dereva fulana ya kinga, kofia na glavu, mchukulieni kuwa amezirai, na muwaambie wenzake wamtoe nje. Kama hawawezi kumpitisha mlangoni, mlango huo ni mdogo, hata uwe umechorwa kwa ustadi wa namna gani.

Injini, umeme na kompyuta

Injini na giaboksi zichaguliwe pamoja, kama kitu kimoja kinachoweza kutolewa na kurudishwa na mafundi wa vikosini bila kulirudisha gari karakana kuu. Umeme unahitaji akiba kubwa kuliko ya uzito. Vifaa vya kuvuruga mawimbi, redio, kamera, kompyuta na viyoyozi vinavyozipoza vimeongezwa katika magari ya zamani hadi jenereta zikashindwa, na wahudumu wakalazimika kuchagua kipi kizimwe. Jeshi linalofikiria injini ya mseto, yaani ya mafuta pamoja na betri, lisiipende kwa sababu ya mafuta tu. Faida yake kubwa vitani ni kwamba gari linaweza kulinda eneo usiku kucha kwa betri, kimya, bila moshi na bila joto la injini kuonekana kwenye kamera za adui.

Kuhusu kompyuta, sharti moja lisipuuzwe: njia za kuunganisha vifaa ziwe za wazi na ziwe mali ya serikali. NATO ina mwongozo wake wa usanifu wa magari, STANAG 4754, unaoeleza jinsi vifaa vya watengenezaji tofauti vinavyoweza kuzungumza ndani ya gari moja. Jeshi lisilomiliki njia hizo litajikuta likimlipa mtengenezaji wa awali kila linapotaka kubadilisha redio, kwa miaka yote 40. Mkataba utamke nani ana haki ya kuona na kurekebisha programu, na nani atakayezikagua dhidi ya udukuzi, kwa sababu gari lenye mtandao ndani yake linaweza kushambuliwa bila kurushiwa hata risasi moja.

Swali la idadi ya wahudumu linahitaji uangalifu zaidi ya shauku. XM30 imekusudiwa kuwa na wahudumu wawili na kubeba askari sita, na kompyuta zinatarajiwa kufanya kazi ya mtu wa tatu. Jambo hilo linaweza kufaulu, lakini lipimwe mapema kwa mashine za kuigiza, wahudumu wakiwa wamekosa usingizi, redio zikipiga kelele na kamera moja ikiwa imezibwa na tope. Pimeni pia kazi zisizo za vita: kufunga mnyororo uliokatika, kujaza risasi, kulinda zamu usiku. Watu wawili huchoka haraka kuliko watatu, na mnyororo hauungwi na kompyuta.

Viwanda, washirika na zabuni

Nchi nyingi haziwezi kutengeneza kila kitu, na hakuna aibu katika hilo. Amueni ni sehemu zipi ambazo lazima ziwe mikononi mwenu wakati wa vita, kama vile deraya, risasi, programu na matengenezo makubwa, na zipi zinaweza kununuliwa. Kisha jiulizeni kitatokea nini muuzaji akikataa. Uturuki ilichora kifaru chake cha Altay kikitegemea injini na giaboksi za Ujerumani. Ruhusa ya kuziuza ilipokosekana, uzalishaji ukakwama kwa miaka hadi nchi hiyo ilipoigeukia Korea Kusini. Korea Kusini yenyewe, iliyotaka giaboksi ya nyumbani kwa ajili ya kifaru chake cha K2, iliona giaboksi hiyo ikishindwa majaribio ya uimara, ikaoanisha injini yake na giaboksi ya Ujerumani katika kundi la pili badala ya kuusimamisha mradi wote. Huo ni uamuzi wa busara unaostahili kuigwa: fahari ya taifa ilisubiri kidogo, na vikosi vikapata vifaru.

Ushirikiano kati ya mataifa hugawana gharama, na pia huzidisha mahitaji. Marekani na Ujerumani Magharibi zilianza pamoja kifaru cha MBT-70 mwaka 1963; kila upande uling'ang'ania vipimo vyake na silaha zake, gharama zikapanda, na mwaka 1971 Bunge la Marekani likaufuta mradi. Kila nchi ikaenda njia yake, na ndani ya muongo mmoja Leopard 2 na M1 zikawa tayari. Kama mnashirikiana, basi mshirika mmoja awe na kauli ya mwisho juu ya muundo, na jambo hilo liandikwe kabla ya kugawana kazi za viwanda.

Ubaya mwingine ni mradi kurefuka mno. India iliidhinisha kifaru cha Arjun mwaka 1974, na magari ya kwanza ya uzalishaji yakakabidhiwa mwaka 2004. Katika miaka 30 adui hubadilika, injini hupitwa na wakati, na jeshi hununua kitu kingine ili kuziba pengo. Ratiba ya miaka 8 hadi 10, yenye toleo la kwanza la wastani na maboresho yaliyopangwa, hufaa zaidi kuliko kusubiri gari kamilifu. Teknolojia ambayo haijathibitishwa nje ya maabara isiingizwe katika toleo la kwanza. Iachiwe nafasi, nyaya na umeme, iingie katika toleo la pili. Wala mtengenezaji asiachwe bila oda ya nyumbani kwa matumaini ya soko la nje. Engesa ya Brazili iliunda kifaru cha Osório katika miaka ya 1980 kwa kutegemea wanunuzi wa kigeni, soko hilo halikupatikana, na kampuni ikafilisika.

Magari ya mfano na majaribio

Wekeni washindani wawili hadi hatua ya magari ya mfano, hata kama inaonekana kuwa gharama maradufu. Australia iliwapa washindani wawili, Lynx na Redback, fedha za kuleta magari halisi na kuyapitisha katika majaribio marefu mbele ya askari wake, na mwaka 2023 ikaichagua Redback ya Korea Kusini ikiwa na takwimu zake yenyewe, si vijitabu vya matangazo. Idadi iliyonunuliwa ilipunguzwa kutoka mipango ya hadi 450 ikawa 129 kwa sababu za mkakati, ila uamuzi wa kiufundi ulisimama imara. Gari la mfano ligharimiwe kama kitu cha kuharibiwa, kwa kuwa ndiyo kazi yake.

Majaribio yagawanywe kati ya yale yanayotafuta uimara na yale yanayotafuta mauti. Ya uimara ni marefu na ya kuchosha: barabara za mawe, tope, mchanga, miteremko, baridi na joto, gari likiwa limebeba uzito kamili wa vita, na kila hitilafu ikiandikwa pamoja na kilomita ilipotokea, chanzo chake, dawa yake, na kama imerudi. Kipimo kinachofaa ni wastani wa kilomita kati ya hitilafu moja kubwa na nyingine, na mkataba useme kiwango hicho kiwe nini katika kila hatua, kwa kuwa hitilafu nyingi za mwanzo si kosa iwapo zinapungua kwa kasi inayoonekana.

Majaribio ya mauti ni ya kulipiga risasi gari zima, likiwa na mafuta, risasi na midoli yenye vipimo ndani yake. Katika miaka ya 1980 palikuwa na mvutano mkubwa nchini Marekani juu ya namna Bradley ilivyojaribiwa, hadi mwaka 1986 Bunge likapitisha sheria inayolazimisha silaha za namna hiyo kupigwa kwa risasi halisi kabla ya uzalishaji kamili. Toleo lililofuata la Bradley lilikuwa na deraya zaidi, bitana ya ndani na mpangilio mpya wa risasi. Askari waliopanda magari hayo vitani mwaka 1991 walinufaika na ubishi huo bila kujua majina ya waliougombania. Nchi isiyo na sheria kama hiyo na iiweke katika mkataba.

Wapimaji wasiwe chini ya meneja wa mradi. Wizara ya Ulinzi ya Uingereza iliagiza magari 589 ya Ajax mwaka 2014 katika mkataba wa pauni bilioni 5.5, baadaye majaribio yakasimamishwa kwa sababu ya kelele na mtetemo uliowaathiri askari, na zaidi ya watu 300 wakatambuliwa kuwa walikuwa katika hatari hiyo. Mapitio huru yaliyochapishwa mwaka 2023 yalionyesha kwamba tahadhari zilikuwapo mapema, ila hazikupanda hadi kwa waamuzi kwa uzito uliostahili. Askari anaposhuka garini akisema masikio yanavuma na mikono inakufa ganzi, maneno hayo ni matokeo ya majaribio sawa na grafu yoyote. Pawepo fomu ya kuyaandika, daktari wa kuyachunguza, na ofisa mwenye mamlaka ya kulisimamisha gari siku hiyo hiyo bila kuomba ruhusa kwa mtu ambaye cheo chake kinategemea ratiba.

Kulipeleka vikosini

Uzalishaji uanze kwa kundi dogo, la kutosha kikosi kimoja, na kikosi hicho kilitumie kwa mwaka mzima wa mazoezi kabla ya kuidhinisha mengine. Gwaride si uthibitisho: kifaru cha T-14 Armata cha Urusi kilionyeshwa Moscow tarehe 9 Mei 2015, mipango ya kuwa na zaidi ya 2,000 ikatangazwa, na idadi hiyo haikufikiwa kamwe.

Mwezi wa Desemba 2022 Ujerumani iliona Puma zote 18 za kikosi kimoja zikishindwa wakati wa mazoezi. Uchunguzi ulionyesha kwamba nyingi zilikuwa na hitilafu ndogo zilizorekebishwa katika muda mfupi, na hilo ndilo linalopaswa kumtia wasiwasi mpangaji, kwa maana gari la kisasa linaweza kulala kwa sababu ya kebo moja ikiwa fundi aliye karibu hana kipuri wala ruhusa ya kuligusa. Mkataba wa ununuzi kwa hiyo ujumlishe vipuri vya miaka ya kwanza, vifaa vya uchunguzi, vitabu vya matengenezo katika lugha wanayofanyia kazi mafundi, haki ya jeshi kutengeneza lenyewe, na mashine za kuigiza za mafunzo ya madereva na wapiga mzinga. Gharama ya kulitunza gari kwa maisha yake yote huipita bei ya kulinunua, na fungu hilo likiachwa kwa bajeti ya mwaka ujao, huliwa na mambo mengine.

Ratiba ya kukabidhi ianzie karakanani. Mafundi wa kikosi cha kwanza wawe wamekaa kiwandani wakiyaunganisha magari hayo pamoja na watengenezaji, wawe wametoa na kurudisha injini kwa mikono yao, na ghala lao liwe na vipuri vilivyohesabiwa angalau miezi sita kabla ya gari la kwanza kushushwa kutoka kwenye behewa.